JINA LA MTU NI AMANA: Historia fupi ya daftari la msaidizi wa jamii, kutoka Usumbura hadi kambini



Kamati ya Jamii imetutaka sisi walimu tuliotoka mtaa wa Kinanira, Bujumbura, tuandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Tumeona tusiandike juu ya wafalme wala juu ya vita, maana hayo yamekwisha kuandikwa na wengi. Tutaandika juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekutana nacho tangu siku alipovuka mpaka, yaani daftari. Huja mtu mwenye kitambulisho shingoni na kalamu mkononi, akauliza: Jina lako nani? Una watoto wangapi? Mumeo yuko wapi? Unaumwa nini? Nasi hujibu, kwa kuwa asiyejibu hapati kadi, na asiye na kadi hapati unga.

Mtu huyo ni msaidizi wa jamii. Vijana wetu wengi wanaifanya kazi hiyo hapa kambini kwa posho ndogo, baada ya semina ya siku chache. Kamati nayo imo katika matayarisho ya kutuma wasaidizi wapya wapite nyumba kwa nyumba, waandike wazee wasio na watu, walemavu, yatima, na akina mama wanaoishi peke yao. Kazi hiyo ni njema na tunaiunga mkono. Ila ni vizuri wale watakaoshika kalamu, pamoja na wale watakaoulizwa, wajue kazi hii imetoka wapi, na daftari limewahi kufanya nini mikononi mwa watu.

Zamani za Bashingantahe

Kabla ya kuja Wajerumani, na baada yao Wabelgiji waliotutawala tangu 1916 hadi 1 Julai 1962, Warundi walikuwa na watu wa kutegemewa katika kila kilima. Hao ni Bashingantahe. Jina lao linatokana na fimbo iitwayo intahe, waliyoipiga ardhini wakati wa kuamua shauri. Mtu hakuzaliwa Mushingantahe wala hakujitangaza mwenyewe. Jirani zake walimtazama kwa muda mrefu, kama ni msema kweli, kama hapendelei ndugu zake, kama anauweza ulimi wake. Ndipo aliposimikwa hadharani kwa kiapo, watu wakala na kunywa.

Wengi hudhani kazi yao ilikuwa mahakama tu. Lakini walipatanisha mume na mke, walisimamia mirathi ya yatima, na walimsemea mjane aliyenyang'anywa shamba. Leo kazi hizo tunaziita ustawi wa jamii. Hawakuwa na daftari. Waliyoyasikia waliyaweka kifuani, na aliyeyatoa nje alivunjiwa heshima. Tusiwasifu kupita kiasi, kwani mwanamke hakusimikwa kwa nafsi yake, na Batwa mara nyingi waliachwa nje. Hata hivyo walituachia fundisho moja, kwamba mtu apimwe tabia kwanza ndipo akabidhiwe siri za watu. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 uliitaja heshima ya taasisi hiyo na kutaka irudishwe.

Kazi inakuwa taaluma

Ng'ambo, kazi ya kusaidia watu ilianza kufundishwa shuleni mwishoni mwa karne ya 19. Jane Addams alifungua Hull House katika jiji la Chicago mwaka 1889, akaishi katikati ya wahamiaji maskini. Shule ya kwanza ya kazi hii ilifunguliwa Amsterdam mwaka 1899. Mwaka 1917 Mary Richmond wa Marekani alitoa kitabu kilichoeleza jinsi ya kuchunguza shida ya mtu hatua kwa hatua: kumsikiliza mwenyewe, kutazama nyumba yake, kuuliza jamaa zake, kisha kuandika. Faili la mtu mmoja mmoja likawa chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima.

Ujerumani walikuwa na mwalimu wa walimu, Alice Salomon. Alianzisha shule ya wanawake ya kazi za jamii mjini Berlin mwaka 1908, na mwaka 1929 akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa kimataifa wa shule za taaluma hii. Kwa kuwa alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi, serikali ya Hitler ilimfukuza nchini mwaka 1937. Akafa New York mwaka 1948, mbali na kwao. Ni vema tukumbuke kuwa mmoja wa waasisi wa kazi hii alikuwa mkimbizi kama sisi.

Lakini wakati yeye anafukuzwa, mafaili yalibaki. Julai 1933 ilitungwa sheria ya kuwafanya watu wenye magonjwa na ulemavu wa aina fulani wasizae tena. Watu wapatao laki nne walifanyiwa hivyo. Na walipatikanaje? Wengi waliripotiwa na madaktari na maofisa wa ustawi, watu wale wale waliokuwa wakigonga milango yao kuuliza hali ya mtoto. Maneno yaliyosemwa kwa ajili ya kupata msaada yaligeuzwa kuwa ushahidi.

Usumbura, 1946 hadi 1960

Sasa turudi kwetu. Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura, Wabelgiji walifungua Foyer Social mwaka 1946. Ilikuwa nyumba ya mafunzo kwa wanawake Waafrika wa mjini. Walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika, kutunza mtoto na kupanga nyumba. Walimu wakuu walikuwa wanawake wa Kibelgiji waliosomea kazi ya jamii, wakisaidiwa na wanawake wetu waliofunzwa hapo hapo.

Haifai kusema Foyer haikuleta faida. Mwanamke aliyejua cherehani aliweza kulisha watoto wake. Bali mafunzo hayo yaliambatana na matembezi ya nyumbani. Bibi wa Kibelgiji aliingia, akatazama usafi, kitanda, vyombo, watoto. Aliyetembelewa hakuulizwa kama anapenda kutembelewa, wala nyumba njema kwake yeye ni ipi. Kipimo kilitoka Ubelgiji.

Siku zile zile utawala ulikuwa ukiwatoza kodi wanawake wa mjini walioonekana kuishi bila mume. Mjane mcha Mungu, mke aliyeachika, na mke wa pili wa ndoa ya Kiislamu waliwekwa fungu moja na kuitwa jina la aibu. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo kwa kelele kubwa. Walichokipinga zaidi ya fedha ni lile jina waliloandikiwa. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: anayeandika hali ya mtu katika safu ya daftari anampa mtu huyo jina, na jina hilo linaweza kumfuata hadi kaburini. Msaidizi aandikaye "mwanamke huru" au "mgonjwa wa akili" kwa haraka, ili amalize ukurasa, amefanya jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Majina yaliyosomwa kwa sauti

Sisi ni walimu, na rejista ya darasa ndiyo daftari letu. Kwa hiyo sehemu hii inatuuma. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza 29 Aprili kusini mwa nchi, Wahutu waliosoma waliitwa kwa orodha madarasani na maofisini, wakapakiwa malori, hawakurudi. Waliouawa mwaka huo wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walikusanywa na kuteketezwa kwa moto. Nchini Rwanda, kabila lililoandikwa na Wabelgiji katika vitambulisho tangu miaka ya 1930 lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994, na aliyesomwa vibaya hakupita.

Tunataja haya ya pande zote kwa makusudi. Humu kambini tumo watoto wa waliouawa 1972 na watoto wa waliouawa 1993, na tunachota maji bomba moja.

Na tunataja pia Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hao walikataa. Waliuawa 40. Wale vijana walikataa kuwa orodha. Hatuna fundisho la maadili lililo kubwa kuliko hilo, na lilitolewa na wanafunzi.

Kambi za 1994

Kambini nako daftari lina historia yake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda waliokadiriwa kuwa laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Ndiyo ikawa kambi ya Benaco. Julai mwaka huo wengine wengi zaidi waliingia Goma. Mashirika yalikuwa na watu wengi na wafanyakazi wachache, hivyo chakula kikapitishwa kwa viongozi wa komini walizotoka wakimbizi. Miongoni mwa viongozi hao walikuwamo waliopanga mauaji. Waliandika majina hewa, wakachukua ziada, na kwa chakula hicho wakaweka watu chini ya amri yao. Mjane asiye na mtu katika kamati alilala njaa karibu na ghala. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka katika kambi za Zaire mwezi Novemba 1994, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji.

Kutokana na mambo hayo dunia ilijiuliza. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yalitoa kanuni 10 za mwenendo wakati wa maafa, na mwaka 1997 ukaanza mradi wa Sphere wa kuweka viwango vya maji, chakula na makazi. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone baadhi ya watoa misaada walidai miili ya wasichana ili wawape chakula. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa amri inayokataza jambo hilo kabisa. Kwa hiyo mabango tunayoyaona katika vituo vya kugawia, yasemayo kwamba msaada ni bure, yamesimama juu ya machozi ya watoto wa watu.

Kinanira na daftari la kaya

Sasa tufike Kinanira. Ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, jirani na Musaga. Maandamano yalipoanza 26 Aprili 2015, na baada ya jaribio la kupindua serikali la 13 Mei, upande ule wa mji haukulala. Hatuandiki siasa hapa, maana sheria za kambi zinakataza, nasi tunazitii. Tunaandika habari ya daftari.

Kila nyumba ilitakiwa kuwa na daftari la kaya, ambalo wengi tuliliita kwa Kifaransa cahier de ménage. Huandikwa humo majina ya wote wanaolala nyumbani, na mgeni akija huongezwa. Kwa asili yake si jambo baya, kwani serikali yoyote hutaka kujua raia wake wanaishi wapi, na hata vyandarua vya mbu hugawiwa kwa hesabu ya kaya. Lakini katika misako ya alfajiri daftari hilo ndilo lililoulizwa kwanza. Kijana aliyelala kwa shangazi yake bila kuandikwa alikuwa na la kujibu.

Tuliona viongozi wa nyumba kumi wa namna mbili. Wa namna ya kwanza alitumia daftari kama fimbo. Akiwa na ugomvi na jirani, alitaja kwa wakubwa ni nani ana wageni. Wa namna ya pili alipita mchana, akabisha hodi, akasema taratibu: "Mama, shikamoo. Huyo mpwa wako tumwandike leo, isije ikawa shida usiku." Sheria ilikuwa moja na daftari lilikuwa moja. Huyu wa pili hakuwa amesoma chuo chochote cha ustawi wa jamii, lakini alijua mambo mawili ya msingi, yaani kuijua sheria, na kuijua hofu ya mtu aliye mbele yake.

Mambo saba ya kushika

Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Ustawi wa Jamii, lililoanza 1956, lilipitisha kanuni zake za kwanza za maadili mwaka 1976, na tamko lililofuata baadaye lilipitishwa Dublin mwaka 2018. Ila kwa semina ya siku chache tunaona yafaa zaidi mafundisho ya padre Mjesuiti wa Marekani, Felix Biestek, aliyeyaandika mwaka 1957. Tunayaeleza kwa maneno yetu:

1. Kila mtu ni wa peke yake. Usimwone kama namba ya kadi, wala kama kabila, wala kama "kesi".
2. Mwache aseme ya moyoni, hata kama ni hasira juu yako.
3. Mwonee uchungu, lakini usizame nao. Anayeokoa hapaswi kuzama.
4. Mpokee alivyo, msafi au mchafu, mlevi au mtawa.
5. Usimhukumu. Mahakimu wako kwingine.
6. Mwachie uamuzi wake. Wewe mweleze njia zilizopo, achague mwenyewe.
7. Tunza siri yake.

Juu ya hayo saba tunaongeza elimu mbili. Ya kwanza ni kujua haki, hasa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, pamoja na taratibu za nchi inayotuhifadhi. Ya pili ni kujua mwisho wa uwezo wako. Msaidizi si daktari wala si polisi. Kazi yake ni kumfikisha mtu anapostahili kufika.

Na siri nayo ina mpaka. Mtoto akiwa anapigwa au kunajisiwa, au mtu akisema atajiua, kunyamaza ni kushiriki. Hapo msaidizi amwambie anayehusika pekee, na inapowezekana amweleze kwanza mwenye siri kwamba atasema, na kwa nini. Kumwambia afisa mmoja ili mtoto aokoke ni mbali sana na kuyasimulia bombani.

Tunasema bombani kwa sababu yapo. Tunamfahamu mama mmoja ambaye habari aliyoitoa kwa machozi, ndani ya nyumba yake, ilisikika penye maji kabla wiki haijaisha. Hatutaji zoni yake, wala shirika, wala aliyeisimulia. Mama yule hakwenda tena kliniki, na binti yake aliacha shule akiwa wa tatu katika darasa. Kiti chake darasani kilikaa wazi muhula mzima.

Kwa wafanyakazi wa mashirika

Ndugu zetu wa mashirika, siku hizi daftari limekuwa mashine, nayo inachukua vidole na mboni za macho. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za Warohingya zilizokusanywa katika kambi za Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, nchi waliyoikimbia, majina yasiyopungua 830,000. UNHCR ilijibu kwamba wakimbizi walielezwa na kuulizwa. Wengi wa waliohojiwa na shirika hilo walisema hawakuelewa hivyo. Hatuko hapa kuamua nani mkweli. Tunasema tu kwamba mtu mwenye njaa aliyeko foleni tangu alfajiri akiulizwa "unakubali?" atakubali. Kumweleza ni kazi ya siku nyingine, kwa lugha yake, akiwa ameketi na ameshiba.

Maombi yetu kwa Kamati

Kwa hayo yote tunaiomba Kamati, kwa heshima, kabla wasaidizi wapya hawajaanza kupita:

Kwanza, majina ya wasaidizi yasomwe katika mkutano wa zoni, na wananchi waruhusiwe kusema kama mtu huyo anauweza ulimi wake, kama walivyofanya wazee wetu kwa Bashingantahe. Mara hii wanawake nao waseme na wachaguliwe.

Pili, daftari liandikwe yale tu yanayohitajika kwa msaada unaotolewa. Kabila lisiandikwe kamwe.

Tatu, kila anayeulizwa aambiwe kwanza daftari linakwenda wapi na nani atalisoma. Akikataa kujibu swali fulani asifutiwe unga.

Nne, daftari lifungiwe ofisini jioni. Lisilale nyumbani kwa mtu.

Hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji kufuli moja na watu waaminifu, na watu hao tunao, tunafundisha watoto wao kila asubuhi.

Tunawatakieni maadhimisho mema na amani katika nyumba zenu.

Sisi walimu tuliotoka Kinanira